Foleni Iliyomngoja Bibi

Tii-tuu.

Nilikuwa nimelala chali nyuma ya rafu za seva, kichwa chini ya fundo la nyaya, macho yamejaa vumbi. Sikuona kitu, lakini sauti hiyo niliijua: ni mlango unaokataa kadi. Tii-tuu tena. Kisha ngumi juu ya kioo.

"We kijana! Fungua!"

Nikatambaa hadi upande wa mbele. Nje ya mlango wa kioo alisimama mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta hapo mahakamani. Sote tulimwita Presha, kwa sababu aliishi nayo na aliigawa bure.

"Fungua mwenyewe, bosi. Si una kadi?"

"Inakataa!"

Nikaweka yangu kwa ndani. Taa ya njano ikawaka, ikawaza, ikawaza, kisha ikageuka nyekundu. Tii-tuu. Tukabaki tunatazamana kama mtu na kioo chake, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye picha.

"Kitufe cha dharura," akasema.

Nikamwonyesha ukutani. Tangu wapaka rangi walipopita, kitufe kilibaki kuwa kishimo chenye nyaya mbili zilizotoa ndimi.

"Usiguse hizo! Utazima jengo zima!"

"Sina hata nia."

Nilisema kwa sauti ya mtu asiyejali, maana sipendi mtu aone jasho langu. Lakini chumba chetu hakina dirisha. Kuna mvumo wa feni usiokatika, baridi inayouma masikio, na mlango mmoja. Nilipoingia mchana, mlango ule ulikuwa bado unazikumbuka kadi za asubuhi. Sasa kumbukumbu yake ilikuwa imekwisha, kila kadi ilikuwa ngeni kwake, nami nilikuwa ndani.

"Barua pepe haziendi!" Presha akapaza sauti kupitia kioo. "Mahakimu wananipigia, makarani wananipigia. Tangu mchana naisukuma foleni ya barua zitoke, na kila nikisukuma inazidi kurefuka!"

"Umeisukuma tena?"

"Sasa ulitaka niiimbie?"

Kabla sijamjibu, simu ya ukutani ikalia. Ilikuwa simu ya zamani ya waya, tuliyoiweka kwa siku kama hiyo. Simu zetu za mkononi huachwa nje kwenye kisanduku, ndiyo kanuni ya chumba.

"Shem?" Ilikuwa sauti ya mke wa kaka yangu. "Shem, nimekutafuta kwenye simu yako mpaka vidole vimechoka. Niko hapa getini gerezani. Karani anasema hati ya kaka yako haijafika."

Nikaibana simu sikioni.

Asubuhi ile hakimu alikuwa amefuta kesi ya kaka. Hakuwa ameiba, na aliyeiba alipatikana. Hati ya kumwachia ilisainiwa, na nyumbani kwetu wakapiga vigelegele. Lakini gereza lile halipokei hati mkononi. Kuna wakati mtu alitoka kwa karatasi ya kughushi, na tangu hapo wanakubali tu hati iliyotoka kwenye anwani ya mahakama kwa barua pepe. Hata hakimu mwenyewe aende na kalamu yake, hawamfungulii. Na siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Karani kasemaje?"

"Zamu ya jioni ikiingia anafunga dirisha. Baada ya hapo ni Jumatatu." Akashusha sauti. "Shem, unakumbuka walipomwambia mara ya kwanza kwamba anatoka, halafu hakutoka? Alikataa chakula. Aligeukia ukuta, hata mimi hakutaka kuniona. Safari hii ameshaagana na wenzake. Amegawa blanketi lake. Akirudishwa ndani leo..."

Sikumwacha amalizie.

"Usiondoke hapo dirishani," nikasema. "Mchekeshe huyo karani. Mwulize habari za watoto wake."

"Nimeshauliza. Ana sita. Nimebakiza kumwuliza habari za mbuzi."

Nikakata simu na kukaa mbele ya skrini ya seva ya barua. Foleni ilikuwa ndefu kuliko aibu. Nikaifuata barua moja, nione inakwama wapi. Ilisimama, ikauliza kitu, ikangoja. Ikangoja tena. Kisha ikarudi kukaa. Nikafuata nyingine, nayo vilevile, kimya kilekile kwa urefu uleule.

Kompyuta haijui jina la gereza. Inajua namba tu. Kwa hiyo kila barua, kabla haijatoka nje, humwendea seva wa majina na kumwuliza: fulani anakaa namba ngapi? Akijibiwa, barua huenda. Asipojibiwa, husimama pale kama mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba tupu.

Nikaangalia zinamwuliza nani. Nikaisoma ile anwani mara mbili.

Zilikuwa zinamwuliza Bibi.

Bibi alikuwa pale pale, sakafuni kwenye kona, waya wake umezungushwa shingoni. Alikuwa seva wetu wa majina wa zamani, mashine nzito yenye kikohozi. Asubuhi tulimstaafisha. Presha alitoa hotuba, tukanywa soda, na mimi mwenyewe, kwa mkono huu, nikauchomoa waya wake huku wenzangu wakipiga makofi. Kazi tulishamkabidhi mashine mpya, tunayemwita Mjukuu. Lakini kila kompyuta ya jengo lile ilikuwa imefundishwa tangu kuzaliwa kwake: muulize Bibi kwanza, akinyamaza ndipo umwulize Mjukuu. Tulimzika Bibi bila kuwatangazia watoto msiba. Sasa wote walikuwa wamesimama mlangoni kwake wakibisha, na hakuna aliyekuwa na subira ya kumfikia Mjukuu. Hata mlango wa kadi ulikuwa ukimwuliza yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilikuwa nimeingia mzima mzima.

Na kila Presha alipoisukuma foleni, barua zote ziliinuka kwa pamoja na kwenda kumwuliza marehemu.

Nikaenda kwenye kioo. "Bosi, ni Bibi! Kila kitu bado kinamwuliza Bibi!"

Nikaona uso wake ukipauka. Hotuba ilikuwa yake.

"Mrudishie waya!"

"Waya wa nini? Diski zake si tulizitoboa kwa drili mchana?" Ndiyo amri ya mahakama, diski yenye siri za watu haitupwi nzima. "Nataka kumpa Mjukuu anwani ya Bibi. Anayemwuliza bibi, ajibiwe na mjukuu. Lakini nywila ya Mjukuu unayo wewe peke yako."

Akageuka. Nyuma yake makarani walikuwa wamejipanga ukumbini, wamekunja mikono kama watu wa kortini.

"Siwezi kuitamka hapa."

"Bosi, kaka yangu yuko gerezani!"

Hakuwa anajua. Akanitazama, akachomoa kalamu, akaandika kiganjani, akakibandika kiganja kwenye kioo huku akikifunika kwa koti. Nikasoma: NampendaMkeWangu2.

"Ukicheka, nakufukuza."

"Sicheki. Ila hiyo mbili, bosi? Ni wa pili?"

"Andika, mshenzi wewe!"

Nikaandika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Mjukuu akafungua. Nikamwongezea anwani ya Bibi juu ya yake, nikabonyeza, nikangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hii ilikuwa pumzi moja tu. Kwenye skrini maswali yakaanza kupata majibu, moja, jingine, kisha mengi kama mvua juu ya bati.

"Usisukume!" nikamfokea Presha, bosi wangu. "Usiguse kitu chochote!"

Ndani ya foleni ile hati za kwenda gerezani zilikuwa kadhaa. Niliziona zimefuatana, kila moja na jina la mtoto wa mtu. Ya kaka haikuwa ya kwanza. Kuna amri moja fupi ya kuitoa barua moja peke yake na kuiacha nyingine imekaa. Sikujiuliza mara mbili. Nikaitoa ya kaka.

Ikaenda. Niliiona ikienda.

Ndipo nikaachia foleni nzima. Zikamiminika kila upande, na za gerezani zikafika mlangoni kwao kwa kishindo pamoja na takataka zote za mchana kutwa. Seva yao ikashtuka. Ikajibu kama mlinzi aliyevamiwa na umati: wengi mno, rudini baadaye. Ikafunga. Hati zile nyingine zikarudi kuketi kwenye foleni yangu.

Simu ikalia.

"Wamemwita!" Shemeji alikuwa akicheka na kulia kwa pumzi moja. "Wamelitaja jina lake, shem! Namwona anakuja, amekonda, anavaa viatu huku anatembea! Wewe mwanamume wewe!"

Nikaegemea rafu. Nilitaka kusema neno kubwa, neno la mtu aliyeshinda, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Shem, kuna mama hapa amenishika kiwiko," akaendelea kwa sauti ya chini. "Mwanawe alifutiwa kesi leo vilevile. Karani anasema yake haipo, na sasa anakusanya funguo. Kanisikia naongea na mtu wa kompyuta. Hataki kuniachia. Nimpe simu?"

Nyuma yangu mlango ukalia: tik. Taa ya kijani. Presha akauvuta, joto la ukumbi likaingia na makarani wakapiga kelele za furaha.

"Toka, kijana!" akasema, akinishika bega. "Chukua gari la ofisi. Nenda ukampokee kaka yako."

Nikatazama mlango ulio wazi. Nikatazama skrini. Hati iliyokuwa mbele ya ile ya kaka, niliyoiruka, ilikuwa imekaa kimya ikisubiri gereza lifungue tena.

"Mpe," nikamwambia shemeji.

Nikasikia pumzi ya mtu mzima aliyesimama muda mrefu.

"Mwanangu," akasema yule mama. Sauti yake haikulaumu, na hilo ndilo lililonichoma. "Wa kwangu naye ni mmoja tu."

Nikausukuma mlango kwa mguu hadi ukafunga, nikavuta kiti.

"Mama, mkalishe huyo karani hapo, mshike hata shati. Mimi sitoki humu ndani mpaka mwanao atoke humo. Nakuahidi."