Mbwa Aliyependa Buti

Mama Cherehani, jirani yetu, anasema mbwa wetu alimrukia askari kooni. Anasema alijionea mwenyewe dirishani, meno nje, povu mdomoni, na kwamba askari asingefyatua risasi angezikwa yeye.

Mbwa tulimwita Shemeji, kwa sababu alikuwa hatoki jikoni mpaka apewe kitu. Meno yenyewe yalishakwisha. Na kilichomkimbiza getini si koo la mtu, ni buti. Baba ni mlinzi wa usiku ghalani. Kila asubuhi akirudi, Shemeji alimwahi getini akavuta kamba za buti zake, kama anamsaidia kuvua. Siku ile aliona buti nyeusi zinaingia, akakimbia huku mkia unacheza.

Nilikuwa naanika nguo. Nilifungua mdomo niseme hang'ati. Mlio wa risasi ukanitangulia.

Askari alikuwa anamfukuza mwizi aliyeiba cherehani ya jirani. Mwizi alikatiza uani kwetu, akapita karibu nami, nikamwona uso mzima.

Tangu hapo Baba anavua buti njiani, anaingia pekupeku.

Leo Mama Cherehani amekuja na askari yuleyule, wakakaa sebuleni. Askari alizungumzia mvua, kisha umeme, miguu kairudisha chini ya kiti. Mwishowe akasema wamemkamata kijana mmoja, ila asipopatikana mtu aliyemwona, kesho watamwachia.

Baba akamuuliza taratibu, "Afande, kituoni uliandika mbwa alifanya nini?"

"Alinirukia, mzee wangu. Shahidi yupo."

Mama Cherehani akaangalia vidole vyake. Simlaumu sana. Cherehani ile ndiyo inayomlishia wanawe, na anayeitafuta ni huyuhuyu, angempinga vipi?

"Alikuja kukuvua viatu," Baba akasema.

Askari alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka, akafunga mdomo.

Mimi nilikuwa nawaza kijana aliyefungiwa huko. Akiwa ndiye, nitamtambua. Asipokuwa ndiye, nitasema siye, halafu askari huyu ataandika nimesema nini?

Mama Cherehani akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyemwona. Twende na afande kituoni ukamwangalie huyo kijana. Nakuomba."

Baba hakunitazama. Alikuwa anatazama chini ya kiti, kwenye buti za askari. Kamba moja ilikuwa imefunguka, inaburuta sakafuni.