Mshono wa Begani

"Nimesema hashuki! Umenisikia, Mama Mapovu? Mwanangu hashuki majini na hicho kifuko mgongoni."

"Si kifuko, jirani. Na punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Kwani nimeiba?"

Hakuiba, lakini wapangaji wote walishatoka vibarazani kusikiliza. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita na ua mmoja; ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakuletea dawa. Fundi cherehani alisimama katikati ya ua, futi kamba inaning'inia shingoni, akivinyooshea kidole vizibao viwili vilivyotundikwa kwenye kamba ya nguo. Vilikuwa vimejazwa hewa tangu alfajiri, vimetuna kama mashemeji walionuniana.

Mama Mapovu alikuwa akifundisha kupiga mbizi kwenye bwawa la kuogelea la mtaa wa pili. Meneja wa bwawa alimpa vizibao hivyo viwili avijaribu, achague kimoja kitakachovumilia mikono ya wanafunzi mwaka nenda mwaka rudi. Vingeagizwa kumi na viwili vya aina hiyo. Kizibao ndicho kinachomshika mpiga mbizi. Ukibonyeza kitufe, hewa inaingia kutoka kwenye mtungi, unapanda; ukiitoa, unashuka. Kikivuja, unabaki na mtungi wa chuma mgongoni na mkanda wa vipande vizito vya risasi kiunoni, na hapo, majini hapohapo, utakiona cha moto.

Wa kwanza kuvijaribu, leo saa tisa, angekuwa binti wa fundi, mtoto wake wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa na kichwa kigumu kama cha babake.

"Hebu tazama." Fundi alilikamata bega la kizibao cha kijivu. "Mshono mmoja! Mimi hata suruali ya kushindia nyumbani simshonei mtu kwa mshono mmoja. Na hiki chekundu ndiyo kichekesho kabisa. Ukanda umeshikizwa kwa uzi wa kufungia vifurushi!"

"Muhimu ni hewa, inakaa au haikai. Vimeshinda hapo tangu alfajiri. Vimelegea?"

"Havijalegea kwa sababu havijabeba mtu."

"Baba," binti alisema kutoka mlangoni, "mimi nakwenda."

Fundi alimtazama bintiye, akamtazama Mama Mapovu, akavuta pumzi ndefu. "Haya. Akirudi na ukucha umevunjika, mimi na wewe tusijuane."

Mama Mapovu akavitoa hewa vizibao, akavitia kwenye begi, akaliacha begi kibarazani, akaenda kuoga na kula kidogo. Alipotoka, begi lilikuwa palepale, zipu imefungwa hadi mwisho. Fundi alikuwa ameinamia cherehani yake.

Bwawani binti alivaa cha kijivu kwa kuwa kilimkaa vizuri. Mama Mapovu akavaa chekundu. Kawaida yake kabla ya kuingia majini ilikuwa kukijaza kizibao hewa, kusubiri robo saa, kisha kutega sikio kila bega. Leo alivijaza, akavigonga kwa vidole, akaona vimekaza, basi. Si alishavisubiri asubuhi nzima?

Walishuka mita nne, wakapiga magoti sakafuni. Ndipo akaona uzi mwembamba wa mapovu ukipanda kutoka bega la kushoto la binti. Alidhani ni pumzi. Lakini pumzi hutoka na kukatika, na ule uzi haukukatika.

Akamwashiria wapande. Binti akabonyeza kitufe. Kizibao kikavimba kidogo, mapovu yakafumka mabegani kote, naye akapanda urefu wa mkono tu kisha akarudi chini. Akabonyeza tena. Akarudi tena. Macho yakamtoka nyuma ya kioo. Akaanza kupiga mateke, na mkono ukaenda mdomoni kuung'oa mpira wa kupumulia, kama afanyavyo kila mtu akili inapomruka.

Mama Mapovu alimrukia. Kiganja kimoja akakikandamiza kwenye ule mpira usitoke. Kwa mkono wa pili akaufungua mkanda wa risasi wa binti, ukaanguka. Kisha akabonyeza kitufe cha kizibao chake mwenyewe. Kama nacho kinavuja, aliwaza, basi tena. Chekundu kikajaa. Kikawanyanyua wote wawili polepole, binti ameung'ang'ania ukanda wa bega la mwalimu wake kwa mikono miwili, anavuta kwa nguvu zake zote.

Ukingoni binti alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Nimekufa?"

"Ungekuwa umekufa usingeuliza. Pumua."

Mama Mapovu akakivua kile cha kijivu, akakigeuza. Begani palikuwa na mistari mitatu ya uzi wa buluu, mipya, imenyooka, ncha zake zimechomwa kwa kiberiti zisifumuke. Kila sindano ilipopita palikuwa na tundu, lililopanuka uzito ulipovuta, na mfuko wa hewa wa kizibao kile ulipanda mpaka juu ya mabega.

"Uzi wa baba," binti alinong'ona.

Chekundu nacho kilikuwa kimeshonwa vilevile. Ila chenyewe hewa yake ilikaa mgongoni na mbavuni. Begani ni ukanda mtupu, na sindano haikutoboa kitu. Tena mshono wa fundi ndio ulioshikilia wakati binti akiuvuta.

"Usimwambie, tafadhali."

"Nisipomwambia atashona tena."

Meneja alipouliza, Mama Mapovu alimjibu bila kufikiri mara mbili: chekundu. Wanafunzi huviburuta vizibao kwa mabega, na mabega ndiyo hukatika kwanza. Anataka kile ambacho fundi yeyote anaweza kukiokoa bila kumuua mtu.

Fundi alikuwa akisubiri kizingitini. Mama Mapovu alimpa kizibao cha kijivu bila salamu, akamweleza yote, hadi mkono kwenda mdomoni. Fundi alipitisha kidole juu ya uzi wake. Kisha akakaa chini palepale.

"Nilitaka asidondoke, jirani."

"Najua. Na mimi nilitakiwa kupima tena, sikupima. Tumeshirikiana."

"Kesho?"

"Kesho anarudi, akikubali. Na wewe unakuja kuona. Ukitaka kushona, shona mikanda, mbele ya macho yangu."

Fundi alitazama ndani, binti alikokuwa ameketi mezani, nywele zingali mbichi. Sauti ya mkewe ikatoka jikoni: kuna nini huko nje, mbona mmenyamaza ghafla, nyie si watu wa kunyamaza!

Fundi akajifuta uso kwa ncha ya shati, akasimama, akashika pazia la mlango.

"Ingia, Mama Mapovu. Ingia ule kwanza. Halafu mama yake umwambie wewe, mimi mdomo hauna nguvu."