Tabasamu la Keshia

Mimi hakuna binadamu aliyewahi kunitapeli. Nimeuza nguo za mitumba sokoni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mtu akinijia na noti bandia naijua kabla hajaitoa mfukoni. Sawa, yupo yule aliyeniuzia redio ambayo ndani yake mlikuwa na tofali. Na yule fundi wa meno. Na marehemu mume wangu, aliyeniapia siku ya posa kwamba hakoromi. Lakini ukiwatoa hao, na wengine nitakaowakumbuka nikishaiweka kalamu chini, hakuna.

Nasema haya ili mjue kwamba siku ile nilipotoka benki nimezibana kwapani pesa za kutibia jicho langu, sikuwa mtoto mdogo.

Mambo yenyewe yalianza na kioo. Si kioo kizima, kipande tu, chenye umbo la sikio la mbuzi. Kila alfajiri mke wa mwanangu alikiegemeza dirishani jikoni, akasimama mbele yake na kutabasamu. Meno yote nje, macho yamekufa. Anafunga mdomo, anapumua, anaanza upya. Jicho langu la kushoto limeshafunga duka siku nyingi, na la kulia lafungua kwa kusuasua, tena kwa ukungu. Lakini tabasamu lile hata kipofu angelisikia likikwaruza.

Mtaa mzima ulimwita Keshia, kwa kazi aliyokuwa akiifanya kwenye supamaketi, na jina likabaki naye hata kazi ilipomtoka. Alifukuzwa kwa sababu ya uso. Siku moja alikuja mwanamke mmoja akanunua dawa ya meno, akalipa, akaenda zake. Baadaye Keshia akaitwa ofisini, akasomewa: mhudumu hakutabasamu, mhudumu hakusema karibu tena. Kumbe yule hakuwa mteja kama wateja wengine. Alikuwa mteja wa siri, mtu anayelipwa na wenye duka ajifanye mnunuzi ili awachunguze wafanyakazi. Siku hiyo Keshia alikuwa amesimama tangu asubuhi huku jino likimtwanga mpaka kisogoni. Jino halikuandikwa kwenye ripoti.

Tangu hapo kila duka aliloomba kazi walimpigia simu bosi wake wa zamani, na bosi akawapa habari za uso. Mwanangu, mumewe, alikwenda mbali kutafuta kazi, akaitafuta kwa bidii mpaka tukampoteza yeye mwenyewe. Tukabaki watatu: Keshia, mimi na mjukuu wangu. Na yule mtoto, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota, alikuwa ameanza kusema ameshiba kabla hajapakuliwa. Mimi nimesikia uongo wa kila namna sokoni, lakini ule wa mtoto mbele ya sahani ndio ulioninyima usingizi.

Ndipo ukaja ujumbe kwenye simu. Kazi ya mteja wa siri; huhitaji uzoefu wala vyeti; malipo mazuri. Keshia aliusoma amesimama, akausoma ameketi, kisha akacheka. Kicheko chenyewe nilikuwa nimeshakisahau sauti yake.

"Mama, sasa ni zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuangalia. Wao wasimame, mimi niangalie."

"Hao waliokuandikia wanakufahamu?"

"Wamenichagua."

"Sikuuliza hilo. Mimi nilipoposwa walikuja kuulizia mpaka kikohozi cha bibi yangu. Huyu bwana anakupa kazi hata hajui kama una miguu?"

"Ndiyo siri yenyewe hiyo, Mama."

Huyo bwana alijiita Meneja. Hakupiga simu hata siku moja. Aliandika tu, kwa heshima zote, "mpendwa mfanyakazi wetu" huku na "hongera" kule. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba Keshia asimwambie mtu yeyote. Mimi sikuwa mtu, nilikuwa mama mkwe, kwa hiyo nikaambiwa.

Tukafanya mazoezi. Mimi nilikuwa mwenye duka, kigoda ndiyo kaunta, mjukuu ndiye foleni. Keshia akaja akaomba sabuni. Nikamwambia sabuni zimekwisha, na hata zingekuwepo nisingemuuzia mtu mwenye viatu vichafu kiasi hicho.

"Mama, hebu kuwa mkweli kidogo."

"Huyu ndiye mwenye duka mkweli kuliko wote niliowahi kukutana nao."

Foleni ikacheka mpaka ikaanguka. Jioni ile ilisema ina njaa, tukaigawia tulichokuwa nacho, na Keshia akanitazama juu ya kichwa cha mtoto kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi: aende duka lolote kubwa, anunue kitu kidogo, aandike alivyohudumiwa. Alirudi. Akavua viatu, akakaa akiitazama miguu yake.

"Vipi, mkaguzi?"

"Binti wa watu amevua viatu chini ya kaunta. Miguu imemvimba, Mama. Nilidondosha chenji makusudi ili niiname, nikaiona."

"Alitabasamu?"

"Hata kidogo."

"Utaandika nini sasa?"

Aliandika muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyokuwa, kisha akanisomea: mhudumu alitabasamu tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Kuna uongo ambao ukiusikia unatamani kumshika mtu mkono. Meneja naye akajibu papo hapo, wino haujakauka kama ingekuwa barua: hongera, ripoti bora, malipo utayapata pamoja na ya kazi ya pili. Hakuuliza ni duka gani. Hakuuliza ni mhudumu yupi. Jambo hilo lilinigonga jinoni kama changarawe kwenye chakula. Nikalitema pembeni, nikaendelea kula. Mwenye njaa hachunguzi sana.

Kazi ya pili ikaja ndani ya bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na hundi. Karatasi nzuri, mihuri yake imekolea, kiasi chake kikubwa mpaka Keshia aliniomba nikae ndipo anisomee. Maagizo yalifuata kwenye simu. Aiweke hundi benki, atoe pesa taslimu, akate ujira wake, zilizobaki amtumie mkaguzi mwenzake kupitia kwa wakala wa pesa. Hapo ndipo kazi ilipo: amchunguze huyo wakala. Je, anasalimia? Je, anatabasamu? Na zaidi ya yote, je, anauliza maswali? "Wakala mzuri haulizi maswali," aliandika Meneja. "Akiuliza, mwambie unamtumia ndugu yako, kisha uliandike kosa hilo kwenye ripoti."

Nyumba yetu ilikuwa na akaunti moja tu, yangu, ndiyo maana Keshia alimpa Meneja jina langu liandikwe kwenye hundi; na ndani ya akaunti hiyo mlilala pesa za jicho. Daktari alishasema la kulia lipasuliwe mapema, la sivyo nalo litafuata njia ya mwenzake. Nilikuwa nimeziweka pesa zile kidogo kidogo, gauni kwa gauni, shati kwa shati, na hata mtoto alipoanza kushiba hewa Keshia hakuniomba nizitoe. Nami sikujitolea. Hilo nalo lilikuwa limekaa kati yetu pale jikoni, kila mmoja akilizunguka asilikanyage.

Basi tukaenda benki. Karani aliipokea hundi, akaigonga muhuri, akasema itachukua siku kadhaa kuthibitishwa.

"Na tukitaka kutoa leo?" Keshia akauliza.

"Leo mtatoa ile iliyokuwemo. Ya hundi bado."

"Kwa hiyo tukitoa leo," nikasema, "tunatoa ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Ni kitu kilekile," Keshia akaninong'oneza. "Hii inatoka mlango huu, ile inaingia mlango ule. Mama, ameandika tena. Anasema ni leo, la sivyo anampa mwingine."

Nyuma yetu foleni ilikuwa ikikohoa. Nikatia sahihi.

Mtaniuliza kwa nini, na mna haki. Asubuhi ile nilipoingia jikoni kupapasa kibiriti, mkono wangu ulikigusa kile kipande cha kioo. Kilikuwa kimelala kifudifudi dirishani. Hakuwa amekihitaji. Na mimi, ili kioo kile kiendelee kulala, ningetia sahihi hata kwenye hati yangu ya kunyongwa, mradi wanionyeshe mstari ulipo.

Njiani ndipo akili yangu ilipoanza kunifuata, ikihema, kama mtu aliyeachwa nyuma. Nilikumbuka kwamba pale supamaketi walikuwa wakiupekua mkoba wa Keshia kila jioni, wakiogopea kipande cha sabuni. Walimjua kwa sura, kwa jina, kwa nyumba anayolala, na bado walimpekua. Huyu Meneja, asiyejua hata kama ana miguu, anamtumia hundi kubwa kwa bahasha na kukaa akingoja. Nimeishi na matajiri kwa mbali, lakini tajiri wa namna hiyo sijapata kumsikia. Nikageuza uso nimwambie. Alikuwa akitembea mbele yangu kidogo, mabega juu, kama mtu anayengojwa mahali. Nikazibana pesa kwapani, nikamfuata.

Wakala alikuwa mwanamke mnene, amekaa nyuma ya wavu wa kibanda chake akifuma sweta. Hakuinua kichwa. Keshia akaniomba zile pesa, nikazitoa kwapani zikiwa na joto langu, akazilaza kaunta na kuweka kiganja juu yake.

"Natuma."

"Kwa nani?" Sindano ziliendelea.

"Ndugu yangu."

"Ndugu yako nani?"

"Kaka. Kaka yangu."

Nikakohoa. Mama yake Keshia alimzaa yeye akasema basi, hakurudia tena; kwenye harusi yake na mwanangu upande wa bibi arusi ulijaa benchi moja.

"Mmeonana lini na huyo kaka?"

"Dada, mimi ni mteja. Nihudumie."

"Ndiyo nakuhudumia." Wakala aliinua kichwa sasa. Uso wake haukuwa na tabasamu hata la kukopa. "Juzi alisimama hapo ulipo wewe mwalimu mmoja, mtu mzima na tai yake. Nilimuuliza kama hivi, akanitukana, nikamtumia pesa zake. Jana karudi. Hakunitukana. Alikaa kwenye hilo kreti mpaka nikafunga, nikamwacha amekaa."

Kreti lilikuwepo. Keshia hakulitazama. Kwa mkono wake wa pili alikuwa akibonyeza simu, kidole gumba kikienda haraka.

"Waandika nini?" nikamnong'oneza.

"Anauliza maswali. Hatabasamu."

Pale, jamani, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Nilimwona yule mwanamke wa dawa ya meno. Alikuwa amesimama ubavuni pangu, amevaa gauni la mke wa mwanangu, akimwandikia mwenzake uso.

Ningeweza kusema pesa ni zangu, turudi nyumbani. Jicho lingepona. Lakini Keshia angebaki maisha yake yote akijua kwamba kazi pekee iliyompenda alinyang'anywa na bibi kizee mwenye uchu wa macho, na kesho yake angemtafuta Meneja mwingine, safari hii bila kuniambia hata mimi nisiye mtu. Na ningemwambia vipi? Kwamba yule pekee aliyewahi kumwandikia hongera ni mwizi?

Wakala akanigeukia. "Mama, wewe unamfahamu huyo kaka yake?"

Keshia akanikodolea macho. Alikuwa ameniomba jambo moja tu siku nzima, kwamba nisifungue mdomo.

"Nisimfahamu?" nikasema. "Kijana mzuri yule! Mpole, ana heshima, siku ya harusi alinibebea viti. Ila uzee huu, mwanangu, vitu vinadondoka kichwani kama nguo kwenye kamba mbovu. Hebu nikumbushe. Kaka yako anaitwa nani vile?"

Sindano zikasimama.

Keshia alifungua mdomo. Nilimwona, kwa ukungu wangu, akilitafuta jina juu ya paa la kibanda, akalitafuta kwenye wavu, akalitafuta usoni mwangu. Nami nikampa uso wote, jicho lililofungwa na lile lililo nusu. Kisha kidole gumba kikaanza kushuka polepole kwenye simu. Kioo cha simu kikawaka. Alikuwa akirudi juu kwenye ujumbe wa Meneja, mstari baada ya mstari, kumtafuta kaka yake.

"Usisome, dada," wakala akasema kwa upole. "Sema tu."

Kiganja kilichokuwa juu ya pesa kikazikusanya noti, kikanisukumia. Keshia akaizima simu. Akanitazama, akamtazama wakala, akatabasamu. Meno yote nje.