Si Maji, ni Kinywaji

Baba yangu alikuwa na kiu isiyoisha. Figo zake ziligoma, damu ikawa inasafishwa kwa mashine hospitalini, na daktari akampangia maji ya kunywa kwa kipimo: chupa moja ndogo ya dukani kwa siku, basi. Mlinzi wa chupa hiyo nilikuwa mimi. Asubuhi naiweka mezani karibu na kiti chake, jioni naikagua kama askari wa getini. Akibakisha, namsifu. Akimaliza mapema, nampa kipande cha barafu anyonye na maneno juu yake, maana kugombeza nimejaliwa.

Kazi yangu ni udobi. Nashinda mikono imezama kwenye mabeseni mpaka viwikoni, halafu narudi nyumbani kumnyima baba maji. Iliniuma, lakini nilijikaza.

Mdogo wangu tunamwita Bosi kwa sababu hajawahi kuajiriwa na mtu. Alifuga kuku wakafa, akauza vifuniko vya simu vikamdodea. Safari hii alikuja na kinywaji cha afya, kimekaa kama maji, chupa imechorwa moyo na jani la kijani.

"Dada, maji ni maji tu, hayana kitu," aliniambia. "Hiki kina vitamini, kina madini. Anayejali afya siku hizi hanywi maji matupu."

"Peleka huko kwa wanaojali afya. Ila baba usimpe maji, hata tone. Umenisikia?"

"Nimekusikia dada. Maji sitampa."

Nikaridhika, nikarudi kwenye mashuka yangu.

Wiki iliyofuata chupa ya baba ilianza kubaki nusu. Baadaye ikawa inabaki karibu yote. Nilifurahi kama mjinga, nikampigia makofi, naye akatabasamu kidogo na kutazama pembeni. Lakini miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havimwingii. Asubuhi moja kijiko kilimponyoka, akasema mkono umelegea tu. Nilienda kazini roho ikiwa juu juu. Nikapiga pasi shati moja nikaliunguza kola, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikazima pasi na kufunga duka mchana kweupe.

Nyumbani nilimkuta baba kitini, midomo imekauka, macho yananitafuta. "Mama, miguu siisikii," alisema. Nilipoinama kumshika nikaona mfuko nyuma ya kiti. Ndani mlijaa chupa tupu za moyo na jani.

"Baba! Hizi umekunywa wewe?"

"Si maji, mama. Ni kinywaji. Daktari alikataza maji."

Sijui nilimfikishaje hospitalini. Nilichokumbuka kuchukua ni viatu vyake na chupa moja; chupa nikampa muuguzi. Aliigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma, na uso wake ukabadilika.

"Hiki kina potasiamu nyingi. Figo zake haziwezi kuitoa. Ikizidi mwilini, moyo unasimama."

Wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa. Nikabaki kwenye benchi, nimekumbatia viatu vyake. Kila mlango ulipolia niliruka. Nilikuwa naogopa, na juu ya hofu hiyo nilikuwa nampangia Bosi maneno ambayo angeyakumbuka maisha yake yote. Nilikuwa nimempigia simu kwamba kinywaji chake kimemlaza baba; akatokea anakimbia, jasho linamtiririka, fulana imeandikwa jina la kinywaji kifuani.

"Uliniambia maji, dada," alisema. "Wallahi uliniambia maji."

Ni kweli, nilimwambia hivyo. Nikasogea, akakaa.

Tulikaa mpaka tulipoitwa. Baba alikuwa amelazwa, amebandikwa waya kifuani, mashine inahesabu mapigo taratibu. Muuguzi alisema amevuka, ila bado anaangaliwa. Bosi alisimama mbali na kitanda, akizungusha funguo mkononi.

"Bosi," baba alimwita kwa sauti ya kukwaruza. "Wateja umepata?"

"Baba, achana na wateja."

"Mimi sikukipenda. Kina ladha ya sabuni." Akapumua kidogo. "Lakini kila ukija unaniuliza, baba umekunywa? Kuku wako sikula hata yai moja, niliwacheka tu. Nikasema hii biashara nikuunge mkono."

Bosi alijifuta uso kwa ile fulana. Mimi nikageukia dirishani.

Baada ya muda baba akaomba maji. Muuguzi alituruhusu tumloweshe koo tu. Nilinyoosha mkono kuchukua chupa ya maji iliyokuwa kando ya kitanda, lakini Bosi alikuwa ameshaishika. Akafungua, akamimina kwenye kifuniko chake, mengine yakamwagika shukani. Akamnyanyua baba kichwa.

"Ni maji tu, baba. Maji matupu."

Baba alifumba macho, akayashikilia maji mdomoni kwanza kabla ya kumeza. Halafu akafumbua macho, akamtazama mwanawe.

"Niongeze kidogo."

Mdogo wangu hajawahi kumnyima mtu kitu, hata asichokuwa nacho. Alinitazama mimi. Sikumsaidia. Akarudisha kifuniko kwenye chupa, akakikaza, na machozi yakimdondoka akasema, "Yameisha kwa leo, baba."