Pua ya Koplo Leonardi

Mie siogopi mtu. Uliza Gongo la Mboto nzima: Kondo hatishiki, aje askari, aje jini.

Asubuhi hiyo nilikuwa uani nafua soksi huku namtania mpangaji mwenzangu, Koplo Leonardi, aliyekuwa anapiga pasi suruali yake ya ulinzi.

"Kamanda, Kongo walikupiga risasi ya goti. Huko gesti ya Sinza unakolinda, watoto wazuri watakupiga ya moyo!"

Akacheka. Lile goti halikunjiki tangu arudi kutoka kulinda amani, ndilo lililomstaafisha jeshini.

Geti likasukumwa. Wakaingia maofisa wawili wa uhamiaji wenye nguo za kiraia, na mjumbe wetu nyuma yao, macho chini.

"Tumeambiwa humu kuna mkimbizi."

"Humu kuna wapangaji," akajibu Bi Salma, mwenye nyumba.

Ofisa mnene akamwendea Leonardi, akamshika kidevu, akamgeuza uso kama anachagua mbuzi. "Kwenu wapi?"

"Kasulu, Kigoma, afande."

"Wote mnasema Kigoma. Pua hii si ya huku. Kitambulisho cha taifa?"

"Wakati watu wanaandikishwa, mie nilikuwa vitani. Nafuatilia mpaka leo."

Akaingia ndani akatoka na nishani yake ya Umoja wa Mataifa, yenye utepe wa buluu. Maskini, alidhani itamtetea.

Ofisa akaigeuza. "Maandishi ya kizungu. Mwenge wetu wa Uhuru uko wapi? Si umekuja nayo kutoka kwenu hii?"

Leonardi akaanza kumbembeleza airudishe. Mtu aliyelala mahandakini!

Mjumbe akakohoa. "Afande, kwa kawaida watu wawili wa nyumba wakimdhamini, tunamwacha."

"Wa kwanza mimi," akasema Bi Salma. Wapangaji wengine walishakwenda vibaruani.

"Sawa. Ila anayemdhamini mgeni haramu, naye anapanda gari."

Hapo nikanyata kimyakimya mpaka chooni, nikatia komeo, povu bado mikononi.

"Wa pili Kondo," nikamsikia Bi Salma. "Kondo! We Kondo!"

Nikasimama nimeukabili mlango. Nikabana pumzi.

"Mwache, mama," akasema Leonardi taratibu. "Mtoto wa watu."

Gari likaondoka naye. Harufu ya suruali inayoungua chini ya pasi ikaniingia hadi humo ndani. Nikatoka nimejishika kiuno.

"Tumbo, Bi Salma! Sikusikia kitu. Kamanda yuko wapi?"

Bi Salma alikuwa amekaa juu ya ndoo, anautazama mlango wa choo, ule usiofika chini.

"Anayeumwa tumbo huchuchumaa, Kondo. Wewe ulisimama, vidole vya miguu vinatazama huku. Leonardi naye aliviona. Ndipo akaniambia nikuache."