Wastani wa Madoa

Meneja mpya wa chumba cha kufulia hakuwa mtu mbaya. Wiki yake ya kwanza tu alimwona mtoa madoa akinyoosha goti kwa uchungu, akatoka kimya kimya na kurudi na kiti chenye mto. Mpiga pasi aliliona hilo, akaliweka moyoni. Ndiyo maana hata siku ile ya Ijumaa hakumkasirikia sana.

Siku hiyo meneja alileta hesabu yake. Ukutani alikuwa amebandika karatasi yenye namba za madoa: wino moja, mafuta mbili, kutu tatu. Daftarini kila aliyetoa doa aliandika aina yake. Meneja akageuza madoa yote ya wiki kuwa namba, kisha akampigia kila mtu wastani. Mtoa madoa, ambaye ni wifi yake mpiga pasi, alipata moja nukta mbili. Jirani yake wa meza ya pili, baba mmoja mpole waliyemwita Povu, alipata mbili nukta nane.

"Povu amekuzidi zaidi ya mara mbili, mama," meneja alisema kwa upole. "Jumatatu utahamia kufungasha."

Kufungasha ni kazi ya kusimama kutwa nzima. Wifi aliyatazama magoti yake, kana kwamba ndiyo yaliyomchongea.

"Usilie, utanilowanishia mashati," mpiga pasi alimnong'oneza.

"Nani analia? Mvuke wa pasi yako huo."

"Haya, basi futa mvuke, umefika puani."

Povu naye aliona haya. "Mimi wino siuwezi kabisa," alisema. "Mashati yote ya wino namsukumia dada."

Meneja alipokwenda kunywa chai, mpiga pasi alipanda juu ya kreti la sabuni. Akachovya kitambaa kwenye dawa ya wifi, akafuta namba mbili, akaandika upya: wino tatu, kutu moja. Mafuta akayaacha. Hayakuwa yamemkosea mtu.

"Mwanangu," alimwambia meneja aliporudi, "hebu rudia ile hesabu, niisikie vizuri."

Meneja alifungua daftari, akawa anatazama ukutani na kuandika. Kalamu ikasimama. "Mbona sasa mama ana mbili nukta nane, na Povu moja nukta mbili?"

"Makubwa! Na tangu uende kunywa chai, wifi hajagusa hata soksi."

Meneja aliisogelea karatasi, akainusa. "Nani amebadilisha namba?"

"Mimi. Kuna doa lililobadilika?"

"Hakuna."

"Basi namba hiyo ni jina tu, baba. Ni kama hizi za kwenye aproni. Tuko sita hapa, kuanzia moja hadi sita. Wastani wetu ni nani?"

Kwa mazoea, meneja akapiga hesabu. "Tatu na nusu."

"Mwite aje kazini! Tatu ni Povu, nne ni wifi. Huyo wa katikati yao hatujawahi kumwona akifua."

Povu alicheka mpaka akashika beseni. Wifi naye alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Meneja alisimama, masikio yakimwaka moto.

"Sasa nihesabu nini, mama?"

"Mashati yaliyoingia na doa, na yaliyotoka safi. Hapo sifuri ni sifuri kweli, na ishirini ni mara mbili ya kumi. Ukitaka kujua ugumu, sema rahisi, gumu, sugu. Hayo yanapangika, lakini usiniambie sugu ni mara ngapi ya rahisi. Pasi yangu ina namba za moto, moja hadi tatu. Tatu ina moto kuliko moja, ila kama ni mara tatu, weka kidole uniambie."

Meneja hakuweka kidole. Alihesabu mashati. Wifi alikuwa amepokea arobaini, karibu yote ya wino, na thelathini na nane yalitoka safi. Povu, katika arobaini yake, safi yalikuwa thelathini na moja. Meneja akaibandua karatasi ukutani, akauweka sawa mto wa kile kiti, akamwambia wifi, "Usihame, mama."

Jumatatu walimkuta meneja mlangoni amevaa aproni mpya. Kifuani alikuwa ameandika tatu na nusu.

"Nimesikia naitwa kazini," alisema. "Nianzie wapi?"

"Kufungasha," mpiga pasi akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi.