Plasta Katikati ya Kioo

Kabla sijasimulia nilivyojiaibisha mbele ya familia nzima ya watu, niwaeleze kwanza nilivyokuwa najiona. Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa fizikia Kibondo, na wilaya nzima, kwa hesabu yangu mwenyewe, hakukuwa na anayejua simu kunizidi. Simu yangu nilikuwa nimeiruti, yaani nimevunja kufuli la kiwandani ili niamue mwenyewe ionekane vipi. Nilifuta aikoni zote zilizokuja nayo, nikachora zangu moja moja kwenye kompyuta ya shule: duara la dhahabu, kialama chembamba katikati, na chini yake hakuna neno hata moja. Maneno, nilikuwa nikiwaambia wenzangu ofisini, ni ya watu wasiojiamini. Siku moja mwalimu wa zamu aliiazima ampigie mzazi wa mwanafunzi mgonjwa. Akafungua kikokotoo, akafungua tochi, akafungua dira, akanirudishia, akaenda kwa mzazi kwa baiskeli. Mimi nikamhurumia yeye.

Mchumba wangu Evaline alikuwa na kibanda cha vitenge soko la Kasulu. Mama yake, Mama Winifrida, alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Akakulia huku, akaolewa huku, akafiwa na mume huku, akapata na uraia. Kusoma tu ndiko hakubahatika. Mtoto wake mkubwa, Obedi, dereva wa lori Mwanza, alimtumia simu ya kupangusa, simu nzuri kabisa, lakini majina yote mle ndani yalikuwa maandishi. Mama akitaka kuongea na mwanawe ilibidi aende kwa jirani amtafutie jina, na jirani akishalipata haondoki, anakaa kusikiliza.

"Melki," Evaline akaniambia, "wewe si unajidai fundi wa picha za simu? Mchoree mama."

Kwa kweli nilikuwa nasubiri nafasi kama hiyo. Nilitaka kumwoa Evaline, na kila mtu pale Kasulu alijua kwamba mama asipokubali hakuna ndoa. Nikaiacha fizikia ijifundishe. Kazi ya kwanza niliyompelekea Evaline ilikuwa yale maduara yangu ya dhahabu. Akayaangalia, akauliza kama ni vifuniko vya soda. Nilinuna siku mbili, kisha nikaanza upya. Nikamwekea mama lori, akiligusa linampigia Obedi. Nikamwekea kitenge, kinampigia Evaline. Kengele ilikuwa ya katekista. Ilipofika zamu yangu, nikaona mtu kama mimi hahitaji alama. Nikaenda studio na suti ya kuazima na tai, nikapigwa picha natabasamu meno yote nje, nikajiweka katikati ya kioo, mara mbili ya lori.

Siku nilipomkabidhi simu, Mama Winifrida aliligusa lori kwa ncha ya kidole, akisitasita. Sauti ya Obedi ikatoka. Aliinuka, akatoka na simu hadi nyuma ya nyumba, akaongea peke yake muda mrefu, bila jirani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanipa mkono, tena mikono miwili, kisha akaubonyeza uso wangu kwenye kioo kujaribu. Simu ikaita mfukoni mwangu, tukacheka wote. Nilirudi Kibondo nikijua mke nimepata.

Wiki mbili baadaye mkuu wangu wa shule, Mzee Bazilio, Muha wa Kasanda, mwenyeji wa hukohuko mpakani, akawa mshenga wangu, akapeleka barua ya posa. Tukaambiwa jibu lisubiri Obedi aje. Sikuwa na wasiwasi. Jumapili iliyofuata nikapanda basi kwenda kusalimia, nimechomekea, viatu vinang'aa mpaka vumbi la Kasulu lilipovikuta.

Mama hakuja kunipokea. Nilimwamkia akiwa mlango wa jikoni, akaitikia huku anatazama chini. Nikanyoosha mkono, ukabaki hewani. Akamwambia Evaline, nami nipo hapohapo, "Mwambie mgeni asogee mezani." Nikasogea. Mezani ilikuwepo simu, na katikati ya kioo imebandikwa plasta, ile ya kahawia ya kufungia vidonda. Lori linaonekana, kitenge kinaonekana, kengele inaonekana. Aliyefunikwa ni mimi peke yangu. Yule mama alikuwa radhi kuikosa robo ya kioo kuliko kuniona.

Iliniuma, nisidanganye. Nilikula ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka siujui hata utamu wake. Mtu mwenye akili angemuuliza Evaline. Mimi niliamua kwamba nimeelewa, na nikishaelewa jambo huwa siulizi. Niliaga mapema, na wiki tatu sikwenda Kasulu. Evaline akipiga kuuliza mbona nimekuwa kimya, nasema nina mitihani. Mitihani ilikuwa bado mwezi mzima.

Wiki ya tatu nikaandika barua ya kuomba uhamisho kurudi kwetu Morogoro, kwa sababu za kiafya. Nikampelekea Mzee Bazilio aipitishe.

"Unaumwa nini, Mwalimu?" akauliza.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa makini, akavua miwani.

"Plasta kaibandika wapi hasa?"

"Usoni kwangu, Mkuu."

"Na mkono hakukupa."

"Hakunipa."

"Na akiongea anatazama chini."

"Muda wote. Hataki hata kuniona."

Akaikunja barua yangu, akaiweka chini ya boksi la chaki. "Jumamosi tunakwenda Kasulu," akasema. "Posa nilipeleka mimi. Kama ni kuirudisha, tutakwenda pamoja." Kisha akageukia dirishani, mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani kikohozi.

Jumamosi tukamkuta Obedi ameshafika, jitu la miraba minne, amekaa na Evaline sebuleni. Mama alikuwa kwenye mkeka pembeni, ametugeuzia ubavu, uso ukutani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikasimama.

"Mama, mimi si mtoto. Plasta niliiona na ujumbe niliupata. Nimekuja kuchukua barua yangu, niwaache kwa amani."

Mama akaongea Kirundi na Evaline, maneno mengi, bila kugeuka. Evaline akaniangalia.

"Mama anauliza, huko kwenu ni nani anayemtia mkwe wake kidole usoni?"

"Sijaelewa."

"Siku unaleta simu ulikuwa mwalimu tu. Alikupa mkono, akakubonyeza. Barua ilipofika akasema huyu sasa ni umukwe. Mkwe wa mama hashikwi mkono, Melki, wala hatazamwi usoni. Na wewe umejiweka katikati, mkubwa kuliko lori la kaka, unacheka. Kila akitaka kumpigia Obedi anakukuta wewe. Siku nne hakuigusa simu. Mwishowe akaenda zahanati kuomba plasta."

Kwetu Morogoro mkwe na mama mkwe wanagombania rimoti ya televisheni. Mambo haya mimi ningeyajulia wapi? Lakini hilo sikulisema. Nililosema, tena kwa sauti ndogo, ni, "Kwa hiyo amenikubali?"

"Tangu barua ilipofika. Kaka ndiye tuliyekuwa tunamsubiri."

Mzee Bazilio sasa alikuwa anacheka waziwazi, anajifuta machozi kwa leso. Obedi pia. Evaline hakucheka.

"Wiki tatu," akasema. "Nikajua umepata mwingine. Unajua kuvunja kufuli la simu, ukashindwa kuniuliza neno moja?"

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya kaka yake, na hata sasa nikikumbuka sura ya Evaline naomba tena. Nikakaa.

Mama akaongea tena, kwa kifupi. Evaline akatafsiri kwamba simu anaitaka, ila ile picha ibadilishwe. Nikafurahi kupata kazi. Nikasema nitachora sumaku, au ubao na chaki, au kitabu chenye kivuli kwa chini.

"Viatu," Evaline akasema. "Mama anataka viatu vyako. Anasema ndivyo anavyovijua, kwa kuwa ukija hapa hatazami kingine. Na anasema cha kushoto kimelika kisigino, ununue vingine kabla ya harusi."

Nikavivua. Nikavipiga picha mlangoni, kwenye jua, na vumbi lake jekundu, bila dhahabu, bila kivuli. Evaline akabandua plasta, mama akaifuta gundi kwa pindo la kitenge. Kazi nzima haikuchukua nusu saa, na ndiyo aikoni pekee niliyotengeneza maishani ambayo hakuna aliyeniuliza ni nini.

Kesho yake asubuhi tukapanda basi kurudi Kibondo. Nimeshuka tu stendi, begi bado begani, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Mama Winifrida. Tangu siku ile ya kujaribu hakuwahi kunipigia, nikadhani amegusa kwa bahati mbaya.

"Mwalimu, umefika?"

Aliongea Kiswahili, moja kwa moja, bila Evaline katikati, sauti imejaa.

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale." Hakukata simu. Nilisikia kuku wake wakiparura uani. "Nilitaka kukupigia tangu barua ilipofika," akasema. "Lakini ulikuwa unanitazama."